Miwani ya Kusomea Ilivyofika Ijumbi

Nilipoolewa Ijumbi, kazi ya kwanza niliyopewa na mama mkwe haikuwa kumenya ndizi wala kuchota maji. Ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Asubuhi, kabla sijamaliza kufagia uwanja, nilimsikia akiniita kutoka barazani, "Mwanangu, hebu njoo," nami nikamkuta ameketi mbele ya cherehani yake ya miguu, uzi ameushika mkononi, uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayekwepa moshi. Nilitunga, nikarudi kwenye ufagio. Uzi ukikatika, aliniita tena.

Mimi nimezaliwa na kukulia Bukoba mjini, na shangazi zangu walikuwa wamenionya kwamba wakwe wa vijijini wana njia zao za kumpima bibi harusi. Nikadhani hiyo ndiyo njia yake. Labda anavichunguza vidole vyangu, au anatafuta sababu ya kuniweka karibu ili tuzungumze. Na kweli tulizungumza sana. Alinieleza kwamba sare za shule za karibu watoto wote wa mtaa wetu zilipita mikononi mwake, mume wangu akiwa mmoja wa watoto hao. Majoho ya kwaya ya kanisa letu la Kilutheri aliyakata na kuyashona peke yake, pamoja na zile kola nyeupe zinazosumbua. Watu walikuja hadi kutoka Izigo, wakawapita mafundi wengine njiani, ili yeye awashonee nguo za harusi. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayemtaja rafiki aliyehamia mbali.

Mwaka uliofuata aliacha kushona. Hakutangaza. Siku moja aliifunika cherehani kwa kitambaa, baadaye juu ya kitambaa akaweka ungo wa maharage, na hazikupita wiki nyingi pale pakawa mahali pa kuwekea vitu. Watu walipokuja na vitambaa vyao aliwaambia, "Macho yamechoka. Nimestaafu." Nao hawakubisha, maana ni nani anayebishana na uzee? Walipanda bodaboda wakaenda Muleba mjini, wakaviacha vitambaa kwa fundi wa huko, wakarudi siku nyingine kuvifuata, na mara nyingi wakakuta havijaguswa. Mwaka huo watoto kadhaa walianza muhula na kaptula za kaka zao.

Kilichonisumbua mimi ni kwamba mama mkwe hakuwa mzee. Alikuwa akilima kibanja chake mwenyewe, na mkungu wa ndizi aliubeba kichwani bila kuushika. Tena alikuwa na macho makali kuliko sisi wote. Akiwa amekaa barazani aliweza kumwona mbuzi kwenye mgongo wa kilima cha pili, akasema ni wa nani na anakula maharage ya nani, na hakukosea. Nikajiuliza ni jicho la namna gani hili linaloona pembe za mbuzi ng'ambo ya bonde, halafu likashindwa kuona tundu la sindano lililo mbele ya pua.

Nilimuuliza. Akacheka. "Macho ya mbali ni ya Mungu," akasema. "Ya karibu ni ya ujana. Yangu ya karibu yamekwisha."

Jibu lilikuwa zuri, na nusura nilikubali. Lakini mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba nikipewa kikombe cha chai nitauliza majani yamechumwa wapi. Basi swali lile likabaki nami miaka kadhaa, nikawa nalibeba huku na huku bila kujua nilitue wapi.

Lilitua kanisani. Jumapili moja mwinjilisti wetu, mtu mwenye sauti nzuri sana, alisimama kusoma somo. Alifungua Biblia, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza mbali zaidi, kisha akapiga hatua kuelekea dirishani ambako mwanga ulikuwa mwingi, mikono akiwa ameinyoosha yote mbele yake. Mikono ikaisha, na herufi bado hazijafika mahali pake. Hapo akaifunga Biblia taratibu na kuendelea na somo kwa kichwa. Waumini wakasema amina kwa furaha, wakisifu jinsi alivyoyashika maandiko.

Mimi sikusema amina. Katika mikono ile iliyonyooshwa nilikuwa nimemwona baba yangu. Baba alikuwa karani bandarini Bukoba, na kuna mwaka mmoja, mimi nikiwa bado nasoma shule ya msingi, alianza kulishika gazeti namna ileile, mbali, huku mama akimtania kwamba anahitaji kuongezewa mkono. Haukupita muda akaja nyumbani na miwani ya kusomea, akasoma gazeti lake, na habari ikaishia hapo. Kwetu halikuwa tukio. Hakuna aliyelisimulia, hakuna aliyelishangaa. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa nabeba kichwani jambo ambalo huku Ijumbi lingemrudisha fundi kwenye cherehani yake, na sikujua kama ni jambo la kumwambia mtu.

Jioni ile, tukimenya ndizi za chakula, nilimwambia.

"Mama, hayo macho yako hayajaisha. Hali hiyo inawapata karibu watu wote wakifikia umri fulani. Kuna miwani yake. Inaitwa miwani ya kusomea."

"Mimi sisomi. Nashona."

"Ni ileile, mama."

"Miwani ni ya wasomi na ya wagonjwa wa macho. Mimi si msomi na siumwi." Aliitupa ndizi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Tena ukishaanza kuivaa, macho yanazidi kulegea. Mwisho unakuwa kipofu kabisa."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

Siku zilizofuata nilijipa kazi ya kuwatafuta hao watu. Si kwa kubishana, nilitaka tu kujua. Kila niliyemuuliza alikuwa amesikia kwa mwingine kwamba miwani inapofusha, na huyo mwingine naye alisikia kwa mwingine, na katika mtaa wetu mzima sikumpata hata mtu mmoja aliyewahi kuivaa. Nilikwenda dukani kwetu, lile duka la njia panda lenye kila kitu: soda, sabuni, vocha, betri, misumari, hata rangi ya kuficha mvi. Nikamuuliza mwenye duka kama ana miwani ya kusomea.

"Haitoki hiyo," akasema.

"Umewahi kuiweka ikakosa wateja?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza swali la mtihani. "Sijawahi kuiweka. Hakuna aliyewahi kuiulizia."

Nafasi ya kwenda mjini ilikuja kwa sababu nyingine. Mama yangu mzazi alikuwa ametoka hospitalini, na mama mkwe akasema haiwezekani asiende kumjulia hali, watu watasemaje. Tukafunga mkungu mzuri wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, tukapanda bodaboda hadi Muleba, kisha basi la Bukoba. Njia nzima mama mkwe alikaa dirishani akinisomea mabango yaliyo mbele kabisa kabla mimi sijayaona. Tulipopita Izigo alisoma bango la shule lililokuwa mbali sana, nami nikamwambia, "Unaona? Macho yako ni mazima." Akajibu kwamba macho mazima hayahitaji miwani. Hapo alikuwa amenishinda.

Mama yangu tulimkuta anaendelea vizuri. Tulipomaliza kumwona, tukateremka kuelekea soko la Bukoba kununua vitu vidogo vidogo vya nyumbani, na pale kwenye mtaa wa maduka kulikuwa na mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiuza saa, miavuli na miwani iliyopangwa kwenye ubao mlangoni. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani kufanya biashara, akaoa hapa na kuzikwa hapa. Yeye mwenyewe alizungumza Kihaya kama sisi, ila Kiswahili chake kilikuwa na utamu ambao hiki chetu cha shuleni hakina. Nilikuwa nimemfahamu tangu utoto, kwa maana ya kupita mbele yake.

"Karibuni. Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe, ingawa hawakupishana sana kwa umri.

"Marahaba. Sisi tunapita tu."

"Kupita hakulipiwi. Mama unafanya kazi gani?"

Lile swali lilinivutia. Hakuuliza macho yanauma wapi, wala kama anajua kusoma. Mama mkwe alisita. "Nilikuwa nashona," akasema.

"Ukaacha kwa nini?"

Aliipeleka mikono kwenye kola ya gauni lake na kuchomoa sindano. Miaka yote ile ya kustaafu alikuwa bado akiichomeka pale kila asubuhi, kama desturi ya mafundi, na mimi sikuwahi kuiona. Yule mzee alikata kipande cha uzi mweusi kutoka kwenye kibweta chake akampa, kisha akashusha miwani moja ubaoni.

Ya kwanza ilimfanya atikise kichwa. Ya pili akasema ni afadhali kidogo. Ya tatu alipoivaa nikadhani imemuumiza, kwa sababu hakuwa akiitazama sindano. Alikuwa akitazama mikono yake. Aliigeuza juu na chini, akapitisha kidole juu ya kovu moja la zamani.

"Waitu," akasema polepole, kwa Kihaya, "hii mikono ni ya nani?"

"Ni yako, mama," mzee akajibu. "Karibu kila mtu huniuliza hivyo."

Kisha akatunga uzi. Mara ya kwanza alikosa kwa sababu alikuwa bado amezoea kuipeleka sindano mbali. Mzee akamwelekeza kuisogeza karibu, kwenye mwanga, na uzi ukapita. Akauchomoa. Akautunga tena. Akauchomoa. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, bodaboda zinapiga honi, na yeye amesimama katikati ya mtaa anatunga uzi na kuutoa, kama mtoto aliyefundishwa kufunga kamba za viatu. Mimi machozi yalinilenga, nikajifanya nachagua mwavuli.

Bei ya ile miwani ilikuwa chini ya nauli tuliyolipa kuja mjini. Hilo lilinichanganya kuliko yote. Sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Mzee, kitu rahisi namna hii, kwa nini huleti kwetu Muleba?"

"Niliwahi kupeleka," akasema. Alivuta kiti akakaa. Nadhani naye hakuwa ameulizwa siku nyingi. "Nilikwenda siku ya gulio, nikatandaza turubai, nikaipanga vizuri. Vijana wakaja, wakaivaa, wakapigana picha kwa simu, wakairudisha. Watu wazima walipita wakitazama pembeni. Jioni nilirudi nayo yote."

"Uliwaambia ni ya kazi gani?"

"Nilidhani wanajua." Alifikiri kidogo. "Nilitandaza na kunyamaza. Miwani ya jua na ya kusomea yote niliichanganya. Labda walidhani nauza urembo. Na ninyi je, mbona hamkuja kuniulizia?"

"Sisi tulidhani dawa ya hali hii haipo," mama mkwe akajibu, macho bado kwenye mikono yake.

Kabla hatujaondoka mzee alitupa onyo ambalo baadaye lilitufaa sana. Miwani hii, alisema, ni ya mtu anayeona mbali vizuri lakini karibu anashindwa. Anayeona ukungu, au anayeumwa, asipotezewe muda na miwani, apelekwe hospitali kwa daktari wa macho.

Kesho yake asubuhi nilitega sikio kama zamani, lakini sikuitwa barazani kutunga uzi. Nilifagia uwanja wote, nikamaliza, nikaenda mwenyewe kuchungulia. Mama mkwe alikuwa ameushusha ungo wa maharage, ameifuta cherehani na kuitia mafuta, lakini hakuwa akishona. Alikuwa akifumua. Mbele yake alikuwa amerundika nguo alizozishona miaka ya mwisho kabla hajaacha, shati la mume wangu, gauni langu, foronya, na alikuwa akiziangalia mshono baada ya mshono kwa uso wa kuchukizwa.

"Hii niliishona mimi?" akaniuliza, akiinua gauni langu. "Na wewe ukalivaa hadi kanisani?"

"Nililiona zuri, mama."

"Mshono umepinda kama njia ya mbuzi! Watu walikuwa wananicheka."

Hakuna aliyewahi kumcheka, lakini ilibidi gauni lifumuliwe. Wiki ile yote alirudia kazi zake za zamani bila kuombwa na mtu. Ndipo akaanza kupokea mpya, na habari ikatembea kwa kasi ambayo habari za kwetu hutembea, yaani kabla ya Jumapili.

Mwinjilisti alikuja na suruali ya kupunguzwa. Nilijua suruali ni kisingizio, kwa kuwa ilikuwa inamtosha vizuri. Akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia kahawa, mwishowe akaomba aijaribu ile miwani, kwa kutazama tu. Mama mkwe akampa pamoja na kitabu chake cha nyimbo. Mwinjilisti akaivaa, akafungua katikati. Akasoma ubeti mmoja kwa sauti, halafu wa pili, ule ambao kwa kawaida sisi huuruka. Akaendelea hadi mwisho wa wimbo, akafungua mwingine.

"Kumbe wimbo huu una beti nyingi hivi," akasema.

Miezi iliyofuata, baada ya kupata yake, tulianza kusikia kanisani sura za Biblia ambazo mtaa ulikuwa haujazisikia kwa miaka. Kuna mama mmoja aliyelalamika kwamba mwinjilisti ameanza kusoma mambo magumu, afadhali yale ya zamani.

Watu wakawa wanakuja. Tukampigia simu mzee wa Bukoba, naye akatutumia boksi dogo kwa basi, kila miwani imeandikwa nguvu yake kwenye karatasi iliyobandikwa kiooni. Mama mkwe akawa anawapima hapo barazani kwa sindano na kitabu cha nyimbo. Sharti lake lilikuwa moja: kabla hujavaa miwani, utazame kilima cha pili na umwambie unaona nini. Mwanzoni nilidhani ni mzaha wake. Baadaye nikaelewa kwamba lilikuwa onyo la mzee, amelitafsiri kwa lugha ya Ijumbi.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke aliyekuwa mchambuzi hodari wa kahawa kiwandani hadi walipoanza kumrudisha nyumbani kwa kuacha punje mbovu, alikuja akiwa na matumaini kuliko wote. Mama mkwe akamwambia atazame kilima.

"Kilima kipi?" akauliza.

Tukajaribu hata hivyo, kwa kuwa alisisitiza. Hakuna miwani iliyomsaidia. Kila aliyoivaa aliivua kwa hasira zaidi, na aliposimama alisema kwamba tunawadanganya watu, tunawauzia vioo. Akaondoka bila kuaga. Nilimwona mama mkwe akikaa mchana wote, mguu juu ya pedeli ya cherehani bila kuikanyaga.

Nilikwenda kwake kesho yake. Nilimkuta jikoni, nikamwomba ageukie mlangoni kwenye mwanga, na hata mimi nisiye daktari niliona: kwenye mboni zote mbili kulikuwa na weupe, jicho moja likizidi jingine. Nikampigia simu mzee nikamweleza, naye akasema bila kusita, "Huyo mwambieni aende hospitali. Huenda ni mtoto wa jicho. Unafanyiwa upasuaji, watu wanapona."

Kumshawishi hakukuwa kazi ya siku moja. Alikuwa ameshakasirishwa na miwani, sasa tunamwambia habari za kisu kwenye jicho. Mama mkwe ndiye aliyempata, na hakumpata kwa maelezo. Alikwenda kukaa naye jikoni kila jioni, akawa anamsimulia jinsi alivyoiogopa miwani, jinsi watu walivyosema inapofusha, na kwamba katika hao watu hakuna aliyekuwa ameiona. Mwisho jirani akasema, "Nitakwenda, ila twende wote." Tukaenda wote watatu, hadi hospitali ya Bukoba mjini.

Alipasuliwa, na jicho moja lilipona vizuri. Daktari alisema la pili limeharibika pia kwa ugonjwa mwingine, na kama angewahi mapema huenda lingeokolewa. Alitueleza kwa upole, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jirani yetu alikaa kwenye benchi, kiganja kimefunika lile jicho bovu, na lile zima likitazama ziwa kule chini, maji yaliyokuwa yanang'aa kwa jua.

"Nani angeniambia?" akauliza. Hakuwa akilaumu. Alikuwa anauliza kweli.

Nimeendelea kulifikiria swali lake. Redioni nasikia uchumi wa nchi ukitajwa kwa barabara, bandari, meli na umeme, na sibishi, maana bila barabara lile boksi letu lisingefika. Lakini soda ilifika Ijumbi kabla ya lami. Ilifika kwa sababu kila mtu anaijua kiu na anajua jina la kinachoiondoa. Miwani ilibaki mjini kwa sababu muuzaji alidhani tunajua, na sisi tulidhani haipo, na katikati ya dhana hizo mbili watu waliweka chini kazi zao mmoja mmoja, kimya kimya, wakasema wamezeeka. Fundi mmoja akiacha cherehani hakuna anayetangaza hasara. Wala sidhani kuna ofisi inayojua idadi ya wachambuzi wa kahawa waliorudishwa nyumbani, wauguzi wanaomwomba mwenzao awasomee maandishi ya kwenye chupa ya dawa, walimu wanaofundisha kwa kukumbuka. Najiuliza pia ni vitu gani vingine vipo mjini, au nchi ya jirani, au kwenye kichwa cha mtu kama mimi niliyekulia bandarini, ambavyo sisi huku tumeshavipa jina la uzee, au bahati mbaya, au mapenzi ya Mungu.

Mama mkwe hana muda na mawazo yangu hayo. Yeye amepata ugonjwa mpya, na nadhani ameambukizwa na mimi. Anasoma maandishi madogo. Ilianza na pakiti ya mbegu za kabichi aliyoiokota kaunta pale dukani njia panda. Aliisogeza usoni na kumuuliza mwenye duka kwa nini anawauzia watu mbegu ambazo muda wake umepita. Mwenye duka akaichukua pakiti, akaisogeza mbali, mikono yake nayo ikaisha. Hakuwa akidanganya watu. Alikuwa haoni. Siku hiyohiyo alinunua miwani, na nyingine akaweka kwenye rafu, karibu na vocha, na kibao cha kueleza ni ya kazi gani.

Baada ya mbegu, mama mkwe alihamia kwenye kila kitu kilichoingia nyumbani. "Kumbe hii chumvi inatoka Tanga," ananiambia akiwa jikoni. Sabuni inatoka Dar es Salaam. Sindano zake zinatoka China, jambo lililomfanya akae chini kidogo, kwa kuwa muda wote alidhani zinatengenezwa Mwanza. Anapenda kujua kila kitu kimepita wapi hadi kufika kwake, nami humchorea ramani kwenye vumbi la uwanja kadiri ninavyokumbuka shule.

Majuzi tulikuwa tumeanika kahawa kwenye mkeka, tunaigeuza, akaniuliza, "Na hii yetu, huko inakofika, wanaandika kwenye pakiti kwamba imetoka Ijumbi?"

Nikamwambia sijui, lakini nikienda mjini nitaangalia.

Nilikwenda wiki iliyopita kumwona mama. Niliingia duka kubwa moja, nikachukua pakiti ya kahawa, nikaigeuza nyuma, nikasoma yote hadi chini kabisa. Niliporudi alikuwa ananisubiri njia panda, na swali lilikuwa limemjaa usoni kabla sijashuka kwenye bodaboda.

"Wameandika?"

"Wameandika Tanzania, mama."

"Tanzania tu?"

"Tanzania tu."

Alifikiri, mikono kiunoni. "Tanzania ni kubwa," akasema. "Huyo anayeinywa huko, akitaka kuja kuuliza zaidi, atatupataje?" Akanipokea mzigo, tukaanza kupanda kuelekea nyumbani, na njia nzima alikuwa akiniuliza ni nani hasa anayeandika zile pakiti, anakaa wapi, na kama anapokea simu.